Banda la Steji na Juisi Yangu ya Ukwaju

Jumatatu, 2 Februari 2026

Jua la Garsen halina haya. Juisi yangu ya ukwaju imepata moto ndooni hata kabla basi la Lamu halijafika. Mzee Jilo, mwenyekiti wa steji, ametangaza kwamba banda jipya la makuti lina nafasi ya muuza vinywaji mmoja tu. Alhamisi yeye na wazee wenzake wataonja, kisha wachague. Kivuli! Abiria wote mlangoni kwangu!

Ila kuna Mama Gumato. Mama huyu wa Kiorma anauza maziwa lala, yaliyogandishwa kibuyuni, yenye harufu tamu ya moshi, na watu humzonga kama wanagaiwa bure. Leo hata mtu wa kwetu Kipini amenipita akaenda kwake. Aliporudi kunisalimia, masharubu yake yalikuwa meupe kwa maziwa!

Nikikosa banda, baba mkwe atanirudisha Kipini nikapae magamba ya samaki wake. Mke wangu Nuriya anasema dawa ni kutengeneza juisi nzuri na kunyamaza. Nuriya hajui biashara.

Jumanne, 3 Februari

Wazo! Mtu akiwashwa na pilipili atatafuta cha kunywa. Nuriya alipogeuka kumfunga viatu binti yetu Muna, nikamwaga pilipili mbuzi ya kusaga kwenye rojo lake la kukaangia viazi karai. Viazi vilipoiva nikavigawa bure kwa abiria wa basi la Malindi.

Wamekohoa. Wamelia. Mmoja amekumbatia nguzo ya stima. Wakanywa ukwaju wangu. Ole wangu! Ukali juu ya ukali. Wakapiga mayowe, wakakimbilia maziwa. Kumbe maziwa ndiyo yanayozima pilipili!

Kibuyu cha Mama Gumato kimekauka kabla ya adhuhuri. Amekuja mwenyewe kunishukuru.

"Shamsudin, viazi yako kali sana," akasema, "lakini moyo yako mzuri. Umeniletea watu."

Nimetabasamu mpaka mashavu yakauma.

Jumatano, 4 Februari

Stima imepotea, friji ya jirani imekuwa kabati. Lakini Swaleha, anayeleta samaki kwa pikapu, ana barafu. Nikambembeleza, akanipa pande zima kutoka chini ya samaki. Nimeliosha. Nimeliosha tena. Nimelisomea dua.

Juisi imekuwa baridi ya ajabu, glasi zinatoa jasho! Mteja wa kwanza akanusa, akaniuliza kwa adabu kama hii ni supu. Wa pili hakuuliza, alitema. Kisha paka wakaanza kuja. Nimewafukuza kwa kandambili, wakarudi na wenzao.

Kesho ni kuonja.

Alhamisi, 5 Februari

Hapakuwa na njia nyingine. Asubuhi nilimwambia Abdullahi wa bodaboda amfikishie Mama Gumato habari kwamba kuonja kumehamishiwa Minjila, pale njia panda. Awe mbali, wazee wanywe changu peke yake. Nikapanga glasi. Nikafuta meza. Nikangoja.

Hakuja mtu. Steji nzima imekuwa kama kiwanja baada ya mechi. Adhuhuri imepita, nimekunywa juisi yangu mwenyewe kwa wasiwasi. Hatimaye Abdullahi akatokea, nikamuuliza wazee wako wapi. Akasema wako Minjila, si ndiko kuonja kulikohamishiwa? Alikuwa amemwambia Mama Gumato, naye Mama Gumato, kwa uungwana wake, akampigia simu Mzee Jilo asije akapotea, naye Mzee akadhani ni wenzake waliohamisha!

Nilimsihi anipeleke mbio. Tukawakuta wazee wameketi kwenye mkeka, wanakula mahamri. Mahamri ya nani? Ya Nuriya! Naye alisikia habari, akadhani mumewe amesahau kumwambia, akaja na kapu la mahamri na jagi la ukwaju aliokamua nyumbani. Ukwaju safi, wenye iliki. Mzee Jilo alikuwa akimiminiwa tena.

"Huyu na huyu," akasema, akiwaonyesha Mama Gumato na mke wangu. "Banda ni moja, lakini kina mama hawa watatosha wote wawili."

Nikauliza mimi je. Mzee Jilo akauliza mimi ni nani.

Ijumaa, 6 Februari

Banda limefunguliwa. Kivuli kizuri mno. Ninaosha glasi. Mama Gumato kanikalisha, kanipa maziwa, kaniambia mji huu una kiu ya kututosha sote, hakuna haja ya kukimbizana. Nuriya amenikabidhi sabuni. Nimeapa mbele ya glasi zote: hila basi!

Jumamosi, 7 Februari

Msiba! Kijana mmoja aitwaye Griffin ametoka Hola na mashine ya kukamua miwa, ameiweka ubavuni mwetu kabisa, imegusana na meza yetu ya chuma. Juisi ya kijani, limau na tangawizi ndani. Nimeionja. Nimeionja tena. Ni tamu, Mungu anisamehe.

Nuriya na Mama Gumato wamemkaribisha kwa mahamri. Hawaoni hatari! Nimejitolea kumlindia mashine akienda kula. Ameniamini, maskini. Nikapitisha mkono chini bila kutazama, watu wasije wakanishuku, nikafungua nati kubwa, nikaitia mfukoni.

Griffin amerudi. Mashine inakamua vizuri sana.

Meza yetu ndiyo inayoyumba, na kibuyu cha Mama Gumato kiko juu yake.