Kaburi Njiani Kwenda Chooni

Jumatatu, 3 Juni 2024

Wapimaji wamefika! Wamechomeka vigingi vyekundu kutoka barabara ya Bugarama hadi shamba la jirani yangu Amosi. Kigingi cha mwisho kimesimama hatua sita tu kutoka kwenye mihogo yangu. Kampuni ya mgodi inajenga nyumba za wafanyakazi, mia tatu kwa kuanzia.

Nilipooa, kijiji hiki kilikuwa na duka moja. Sasa kuna saluni mbili, vibanda vya simu sina idadi, na vijana nisiowajua wananipita bila hata shikamoo. Chumba cha uani nimempangisha Mwamvua, muuguzi wa zahanati, mtu wa Tanga. Bado kila wiki watu wanagonga wakiomba hata stoo.

Mpimaji anaitwa Enock, kijana mpole. Alitukusanya akaeleza kwamba kila kaya itakayopitiwa na mradi itapewa kiwanja kingine, na mtu mmoja wa kaya hiyo ataajiriwa. Ajira! Binti yangu Rebeka ana cheti cha umeme, na huu mwaka wa pili yumo ndani anamchambulia mama yake mchele. Majina yatasomwa Jumamosi ya wiki ijayo. Halafu Enock akaongeza kwamba mstari unaweza kusogea kidogo, huku au kule.

Kusogea! Wakisogea kule, Rebeka atazeekea kwenye ungo. Watu wa Dar wanaikimbia alama ya X ukutani, ile ya kubomolewa. Mimi naiomba kwa magoti.

Jumanne, 4 Juni

Amosi anajenga. Nyumba ya vyumba vitatu, bila msingi, matofali mabichi. Nyumba ya kutegesha, kila mtu anajua: unaisimamisha haraka wapimaji waikute, waiandike. Nilipokwenda kumsalimia niliegemea ukuta, ukaanza kwenda na mimi. Niliruka kama mbuzi! Amosi akasema nikibomoa nitajenga.

Nilimwuliza Enock kiujanja, kana kwamba namwulizia mtu mwingine, ni vitu gani vinaandikwa. Akasema nyumba, miti ya matunda, visima na makaburi. Makaburi, akasema, yanaandikwa kwa uangalifu kuliko vyote. Hata mkubwa wao hushuka kwenye gari.

Sina matofali. Udongo ninao.

Jumatano, 5 Juni

Siku ya gulio, kijiji kitupu. Mke wangu Justa yuko geti la mgodi anauza wali, Rebeka kamfuata. Nimechimba hadi kiunoni ili udongo mwekundu wa chini utoke, mtu asiuone mzaha. Nikarudishia. Tuta zuri! Msalaba nimeutengeneza kwa chaga za kitanda chetu cha zamani. Kaburi nimeliweka kati ya nyumba na choo, maana ndiko vigingi vinakoelekea.

Hapo nimekosea. Saa kumi nilitaka kwenda haja, miguu ikakataa. Najua hamna mtu mle. Nimechimba mwenyewe! Lakini nilipolikaribia, nywele zilisimama. Nikazunguka kwa kupenya uzio wa minyaa. Suruali imechanika.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekwisha!

Amosi aliingia kuazima beleshi. Akaona tuta. Mikono kichwani! Akauliza ni nani. Ningesema ni kaburi la zamani, lakini udongo ulikuwa bado mbichi. Mdomo wangu, bila kuniuliza, ukasema Sengi Bernadina.

Sengi ndiyo shangazi kwetu Wasukuma. Huyu ni dada wa marehemu baba, anauza dagaa Nkome, ziwani, na miaka tisa hajakanyaga hapa. Kwa nini yeye? Kwa sababu ndiye binadamu wa kwanza niliyemwogopa duniani.

Amosi akauliza nani amechimba. Nani amemwosha. Kwa nini hakusikia mwano. Mwano! Kwetu mtu akifa yowe linapigwa, majembe yanawekwa chini, wanaume wanachimba, wanawake wanaleta maji na kuni. Anayezika peke yake ni mwuaji au mchawi. Jamani, nilifikiria udongo tu, nikawasahau watu.

Kufika saa sita, filimbi. Sungusungu! Wanaume ishirini na fimbo, mbele yao mtemi wao, Mzee Masalu. Nilimpelekea maji ya kunywa. Kikombe kilimfikia kitupu. Nikajieleza kwamba Sengi alifia njiani kwa ugonjwa, nikaona aibu kuwavurugia watu gulio. Mzee Masalu akakipindua kikombe. Akasema hakuna kosa kama kuwanyima watu msiba wao. Nikaambiwa nichague. Niweke matanga ya siku tatu, kijiji kizima, au nitengwe: hakuna salamu, hakuna moto wa kuazima, hakuna maji kisimani. Na orodha ya ajira inapita kwenye mkutano wa kijiji, asisahau mtu.

Nikachagua matanga. Ningefanyaje?

Mwamvua alisikia neno ugonjwa akaja na daftari. Akauliza ugonjwa gani. Nikasema homa. Akauliza homa gani. Nikasema ya ziwani. Jua halijazama, ameshahamisha godoro.

Ijumaa, 7 Juni

Matanga. Watu uani, watu mihogoni, watu hata wa juzi waliokuja kutafuta kazi. Wanakula! Sikujua kijiji kimekua namna hii mpaka kilipokaa kwangu na sahani.

Justa nilimweleza ukweli jana. Hakunigombeza, na hilo ndilo linaloniogopesha. Alijifunga kanga kiunoni akatoka kulia na wenzake, na alilia kuwapita wote. Mama mmoja akamwambia ajikaze, marehemu amepumzika. Justa akajibu kwamba hamlilii marehemu.

Rebeka alinifuata jikoni. Akaniuliza kama nimefanya hivi kwa ajili ya ile kazi. Nikakana. Akasema yeye angeweza kwenda Kahama kuulizia mwenyewe, kuna mafundi wanatafutwa. Nikamwambia Kahama kuna matapeli. Akarudi kwenye mchele wake.

Halafu, saa tisa, gari la kampuni! Enock na mkubwa wake. Mkubwa ameshuka kwenye gari! Wamevua kofia, wamepiga picha kaburi, wameandika kurasa mbili nzima. Mkubwa akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Imeandikwa! Kicheko kilinipanda, nikajifunika uso kwa leso, mabega yakitikisika. Watu wakasema muacheni, alimpenda mno sengi yake.

Jumapili, 9 Juni

Naandika nimejifungia ndani.

Tulikuwa tunamalizia matanga. Amosi amesimama kando ya tuta anaeleza alivyomfahamu marehemu, wema wake, upole wake. Uongo mtupu, Sengi hajawahi kuwa mpole. Ghafla kwenye uzio nikasikia sauti inauliza hodi. Sauti ile! Ilikuwa ikiita jina langu nikiwa na miaka saba nimeiba maziwa.

Sengi Bernadina. Mzima. Kiroba cha dagaa kichwani.

Uwanja ulitawanyika! Wanawake huku, sungusungu kule, mmoja kaacha fimbo. Amosi alipita katikati ya minyaa, tundu limebaki na umbo lake. Mimi nikakimbilia chooni, mahali pekee penye mlango. Nikakumbuka baadaye kwamba njia ya kutoka ni moja, na sasa imekaliwa na yeye na kaburi lake.

Nilikaa mle saa nzima. Nilimsikia akitua kiroba, akikaa juu ya tuta, akimwomba Justa chakula. Akasema mvuvi mmoja alipigiwa simu na ndugu yake wa Bugarama, akaja kumpa pole ya kifo chake. Akasema ameacha dagaa juani, amepanda basi kutoka Geita, kuja kuona kama amezikwa vizuri.

Kisha akasogea mlangoni. Akasema kwa upole kabisa kwamba mwizi wa maziwa akiwa tayari, atoke.

Jumatatu, 10 Juni

Baraza. Mzee Masalu alisema kwanza ijulikane ni nani aliyemo, maana kama si Bernadina, basi ni mwingine, na huyo mwingine ana ndugu. Hapo ndipo damu iliniganda. Watu walinitazama kama mtu wanayemwona mara ya mwisho. Nilipewa jembe. Nikafukua mbele ya kijiji kizima, nikiapa kwa kila udongo ninaoutupa. Kiunoni nikafika kwenye ardhi ngumu. Hamna kitu. Mtoto mmoja akaangua kicheko, kisha wote.

Sijawahi kufurahi kuchekwa kiasi kile. Nilikaa chini mle shimoni nikalia kweli.

Adhabu: mwaka mzima, kila msiba utakaotokea kijijini, jembe la kwanza ni langu. Mzee Masalu akasema kwa kuwa napenda kazi hiyo. Na shimo nilifukie leo leo.

Sikulifukia. Mgongo uliuma. Isitoshe, zile kurasa mbili za Enock zipo palepale. Jumamosi tutaona nani mjinga.

Jumamosi, 15 Juni

Uwanja wa shule, watu mpaka juu ya mabenchi. Nilivaa koti la harusi. Rebeka alikuja na cheti chake kwenye bahasha, ameifuta vumbi. Sengi naye alikuwepo, amegoma kuondoka mpaka aone mwisho wa msiba wake.

Enock alisoma. Amosi! Ile nyumba ya kutegesha imepigwa X, ingawa ukuta mmoja ulikwishaanguka Alhamisi. Wakasomwa wengine. Nikasubiri langu. Enock akakunja karatasi.

Nilimkimbilia. Nikamwuliza kaburi langu liko wapi kwenye orodha. Akavua kofia tena, maskini, hakuna aliyemwambia. Akaeleza kwamba kwanza mstari ulikuwa unapita katikati ya kiwanja changu kabisa, nyumba na choo. Lakini mkubwa wake aliguswa alipoona kaburi bichi na watu wanalia. Akaona si utu kumfukua mama wa watu kabla hata matanga hayajaisha. Wakaupinda mstari, ukapita kwa Amosi wote, na ramani imekwishatumwa Dar. Akasema wamefanya hivyo kwa heshima ya marehemu.

Sengi, aliyekuwa amesimama ubavuni kwangu, akamjibu ahsante sana.

Sikuweza kugeuka kumtazama Rebeka. Nilisikia tu ile bahasha ikirudishwa mfukoni. Mtoto wangu! Angepata! Ningelala tu kitandani wiki mbili, nisifanye lolote, angepata.

Nyumbani hakuna aliyekula. Kisha Sengi akamwuliza Rebeka kama anajua kutengeneza betri za sola. Siku hizi wavuvi wa dagaa Nkome wanavua kwa taa za betri, akasema, taa zinaharibika kila siku, na fundi aliyepo mlevi. Rebeka akasema anajua. Justa akaanza kukunja nguo za mwanawe bila kuniuliza. Nikasema ziwani kuna mamba, kuna kichocho, kuna wavuvi! Sengi akasema na hapa kuna wewe.

Jumatano, 19 Juni

Wamekwenda. Niliwasindikiza hadi stendi ya Bugarama. Rebeka aliniamkia, akainama kidogo kama alivyofundishwa, akapanda. Basi lilipoondoka nikakumbuka sijamwambia kitu hata kimoja cha maana. Nimeogopa kila kitu wiki hizi mbili, ila hili sikuwahi kuliogopa.

Mwamvua amekataa kurudi. Anasema haogopi kaburi, anamwogopa mwenye nyumba. Chumba kipo wazi, na wageni wote wanaotafuta pa kulala wanapita kwa haraka wakiinyooshea nyumba kidole. Justa anasema nao dirishani, anajaribu kuwashawishi.

Jioni nilisimama kando ya lile shimo. Ama kweli, mchimba shimo huingia mwenyewe. Nimeapa mbele ya Mungu: sitadanganya tena mpimaji, sitadanganya tena mtu.

Jumanne, 25 Juni

Taarifa nzito! Amosi amesikia kwa dereva wa kampuni kwamba nyumba mia tatu hazitoshi, watu wanazidi kumiminika. Kutakuwa na awamu ya pili. Upande huu! Wapimaji wanarudi mwezi ujao, na kila kaya, mtu mmoja, ajira, vilevile.

Je, wakisogea? Lakini safari hii nimefikiri kwa utulivu. Enock alisema nyumba, miti, visima, makaburi. Makaburi yana ndugu. Miti inachelewa. Kisima hakina marehemu! Hakuna wa kumlilia, hakuna matanga, hakuna wa kufufuka na kiroba. Na mimi shimo ninalo tayari, limefika kiunoni.

Leo nimeongeza hadi kupita kichwa. Udongo mkavu kama unga, lakini ndoo mbili za maji ya bomba ukizimwaga asubuhi wanapokuja, nani atajua? Nimempelekea Rebeka ujumbe arudi haraka, kazi ni ya uhakika.

Amejibu saa kumi. Ameniamkia kwanza. Amesema mikono yake imejaa taa, hana nafasi. Kisha akauliza, Baba, mle ndani safari hii yumo nani?

Bado mtoto, hajaelewa. Nilitaka kupanda nje penye mtandao mzuri nimpigie nimweleze vizuri, ndipo nikagundua kuta zimekuwa ndefu na ngazi sijaweka. Nimemwita Justa. Nimemwita tena. Nimesikia amekuja, amesimama juu, ametazama chini, kisha hatua zake zikaenda taratibu kuelekea chooni.

Amelizunguka shimo. Naandika humu humu ndani. Sauti yangu inakauka, lakini sithubutu kupiga mwano.