Ndita Zilizogoma

Jumatatu, 5 Mei 2025
Nimerudi Tinde kutoka kliniki Mwanza. Sindano thelathini na moja! Paji la uso, panja, kisogo, shingo, mabega. Kinga ya kipandauso. Daktari anasema anayeumwa siku kumi na tano kwa mwezi anastahili. Mimi naumwa kumi na nane. Sijawahi kupitwa na mtu.

Nesi alinionya kwamba paji litalegea, nisiweze kukunja uso kwa miezi mitatu. Binti wa juzi! Ndita zangu nimezirithi kwa marehemu baba, mzee Maduhu. Haziondoki kwa sindano.

Kaka Cornel ndiye aliyelipia, ameuza mpunga. Ana sababu. Tarehe 17 tunapanga mahari ya binti yake Noela, na msemaji ni mimi. Ng'ombe watakaotolewa ndio wa kumwoza mwanawe wa kiume. Mwaka jana kichwa kilinipata katikati ya mazungumzo, nikatapika nyuma ya zizi, wakwe wakatupunja. Safari hii sitapiki. Nimeahidiwa dume moja.

Jumatano, 14 Mei
Siku tano kichwa hakijauma. Najishukuru mwenyewe.

Ila kuna jambo. Sifa yangu Tinde nzima ni kwamba kwenye mahari sisemi. Wakwe wakitaja idadi, nakunja ndita. Wanaongeza. Nakunja tena, wanaongeza tena. Wanaopiga kelele ni washamba. Leo nikajaribu kwenye kioo. Hakuna kitu! Nikamkunjia uso mbuzi aliyekuwa anatafuna kanga ya mke wangu Asteria. Akaendelea kutafuna. Asteria akaniuliza nimefurahia nini.

Ijumaa, 16 Mei
Dawa imepatikana. Wanja wa Asteria! Mistari mitatu kwenye paji, nimetisha. Asteria anasema nifungue tu mdomo kama watu wengine. Nimemjibu mdomo ni wa madalali. Cornel sijamwambia. Ana presha.

Jumamosi, 17 Mei
Mshenga wao ni Sostenes wa Katoro. Shati la kung'aa, viatu vya ncha. Bwana harusi ndiye mwenye duara, shimo la kuchimba dhahabu, lakini anayetamba ni yeye. Akataja ng'ombe kumi. Kumi! Kwa Noela, mwalimu wa sekondari!

Nikakunja ndita kwa nguvu zangu zote. Jasho likatoka, wanja ukashuka mashavuni. Shangazi wa bwana harusi akanifuta kwa ncha ya kanga, akawaambia wenzake kwamba baba mdogo wa bibi harusi analia kwa furaha. Kabla sijakanusha, Sostenes alikuwa ameshanishika mkono.

"Ng'wana Maduhu, leo hatuoni ndita hata moja. Uso mkunjufu, moyo mkunjufu. Asante kwa kutupokea."

Vigelegele. Kwetu mkono wa msemaji ukishashikwa, yamekwisha.

Cornel akanifuata zizini. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Mdogo wangu, mpunga wangu ulininunulia nini?"

Nikamwambia ukweli, kwamba kichwa hakiniumi hata kidogo. Akaondoka. Niliona aibu, kidogo. Habari ya dume nitamkumbusha kesho.

Jumatatu, 11 Agosti 2025
Ndita zimerudi. Kichwa nacho kimerudi, upande wa kushoto. Nimeuza baiskeli ya Asteria, hajajua, nikarudi Mwanza.

Nimemweleza daktari kosa lake la mwezi wa tano. Alichoma paji lote bila kuuliza kazi ya mtu. Kinachouma ni kushoto, basi achome kushoto, kulia aniachie nifanyie kazi. Akasema haiendi hivyo, uso utakaa upande, na kinga haitakamilika. Yule nesi akacheka, hana adabu. Sikubishana nao. Wasomi hawabishiwi, wanazungukwa. Walipomaliza kushoto nikaomba kwenda msalani, nikatokea geti la nyuma mpaka stendi.

Tarehe 23 Cornel anapanga mahari ya binti yake wa pili. Hajanialika, kasahau tu. Nitakwenda. Nitakaa pembeni kidogo, wakwe wanione upande wa kulia.