Maneno Mawili ya Ambwene Mgane Kupitia Ukuta wa Mianzi

Tegeni masikio, enyi watu wa Ngonga mlioinama majarubani, nanyi wa Ipyana mnaoanika kakao, nanyi wafinyanzi wa ufukweni mliotumbukiza mikono katika udongo. Nawaletea habari za vita ambavyo redio haikuvitangaza wala mkubwa yeyote hakuja kupiga navyo picha: vita vya siku nne, vilivyopiganwa kati ya mlango wa nyumba yangu na ukuta wa jiko, mwendo wa hatua kumi na moja. Shujaa wa vita hivyo ni mimi, Ambwene Mgane, Simba wa Darasa la Nne, Mwenye Goti Moja Zima, nisiyewahi kushindwa na kiumbe isipokuwa mtendaji wa kijiji, mvua, na kuku wa jirani.

Silaha yangu ilikuwa maneno mawili ya Kiingereza.

Sikieni chanzo. Kwetu sisi, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani wala hawasemezani. Ndivyo tulivyowakuta wazee. Vijana wa leo wameulegeza mwiko huo, wengine wanakaa meza moja na wakwe zao wakichekeana. Mimi sikuulegeza, maana katika vyote nilivyopata kuwa navyo, huo peke yake ndio ambao serikali haijaja kuupima kwa kamba. Basi nikitaka kupita uani, nakohoa. Doreen, mke wa mwanangu Amon, akikisikia kikohozi changu hujitanda kanga na kupotelea nyuma ya migomba mpaka nipite. Miaka saba tumeishi hivyo, na kusema kweli namfahamu kwa visigino tu.

Enzi za marehemu mke wangu Damari hapakuwa na shida. Yeye ndiye aliyekuwa mjumbe baina ya falme hizi mbili. Neno langu likitoka sebuleni lina miiba, lilifika jikoni limekwisha menywa. Damari alikufa mwaka juzi, akisubiri gari lipite kwenye ile barabara yetu iliyoahidiwa mara nyingi kuliko ilivyopitwa, na daraja la falme zile mbili likavunjika. Amon yuko Tunduma na malori. Tulibaki mimi, Doreen, na mtoto mchanga asiyeweza kubeba salamu. Siku moja nilimtuma jirani yetu Felista apeleke jikoni neno la pole. Likafika kwamba nimelalamika wali hauna chumvi. Wiki nzima nilikula chumvi.

Sasa huyu Doreen ni mwalimu. Amesoma, ana vyeti, na huu ni mwaka wa sita anapandikiza mpunga wa watu huku wakubwa wakisema nchi haina walimu. Mara mbili aliitwa kwenye usaili. Mara ya kwanza alikuta umati kama wa mnada wa ng'ombe, kwa nafasi tatu. Mara ya pili alifika, jina lake halimo. Ukaja ujumbe wa tatu kwenye simu: Jumamosi, Mbeya. Jumanne hiyo nimejilaza chumbani, nikamsikia akizungumza na Felista jikoni.

"Siendi," alisema. "Vyeti nimevilaza chini kabisa ya sanduku. Amon ananihimiza tu, foleni ile hajaipanga yeye."

Felista akasema pole mama, akaomba kaa la moto, akaenda zake.

Hapo nikainuka kitandani. Nikinyamaza, haendi, na mwanamke huyo atazeeka matopeni kama mimi, akiwalaani wakubwa kama mimi, na kwa ufundi mdogo kuliko wangu. Nikisema, nimevunja mwiko wa baba zangu.

Jumatano nikamwendea Yotamu, mchuuzi mstaafu, Mvuka Mpaka, aliyekwenda Karonga miaka thelathini akarudi na Kiingereza, mwavuli na kiburi. Nikamwekea hoja yangu mezani. Wazee waliuweka mwiko kwa Kinyakyusa. Kiswahili kilipokuja kikafungwa nira hiyo hiyo. Lakini Kiingereza hawakukijua, hivyo hawakukikataza. Nikimtia moyo mkaza mwana wangu kwa Kiingereza, ni mzimu gani utanishtaki, na utamleta mkalimani kutoka wapi?

Yotamu alijiweka sawa kama hakimu. "Ambwene ndugu yangu," akasema, "katika ujinga wote uliowahi kuniletea kwenye kibaraza hiki, huu ndio mzuri kuliko wote."

Akafungua ghala lake la silaha. Alianza na "Chin up," kwamba ni kumwambia mtu ainue kidevu. Nikaikataa papo hapo. Mkwe akinisikia ni sharti ainamishe kichwa, na mimi siwezi kumwamuru avunje kwa shingo kile ninachokilinda kwa mdomo. Akatoa "Hang in there." Alipoifungua neno kwa neno nikakuta ndani yake kuna kuning'inia, nikamwambia aliyening'inizwa mwaka wa sita haambiwi aning'inie. Akatoa "You've got this," yaani jambo hili tayari unalo. Hiyo niliitambua sauti yake. Ni ya wale wanaokuja kipindi cha kura kutuambia kwamba maji tayari tunayo, na sisi tumesimama mbele yao na ndoo tupu.

Yotamu alikwisha kunichoka. Alitupa ya mwisho kama anayemtupia mbwa mfupa: "Keep going." Endelea kwenda.

Hiyo nikaidaka. Maana hilo ndilo tunalomwambia mtu aliyezama katikati ya jaruba: usisimame, ukisimama unazidi kuzama, chomoa mguu, endelea. Nikasema ndaga fijo, asante sana, nikalibeba neno hilo kwa mikono miwili hadi nyumbani.

Alhamisi nililifanyia mazoezi kwenye tuta la jaruba la Damari, jaruba ambalo tangu afe sijalitia mguu, nalichungulia tu na kulaumu mfereji. Nililingurumisha neno langu mara arobaini. Ng'ombe aliyekuwa akinitazama akageuka akaendelea kwenda, nami nikalipokea hilo kuwa ni dalili njema.

Jioni nikashambulia. Nilitoka mlangoni, kifua mbele, nikakohoa kama itakiwavyo. Doreen akakimbilia migombani. Nikarudi, nikajipanga upya, nikatoka. Nikakohoa, akakimbia. Mara ya tatu nikasikia chungu kikianguka. Oneni, wasikilizaji, mtego wa mashujaa: bila kukohoa siruhusiwi kusogea, na nikikohoa adui ametawanyika. Nadhani hata majenerali wa kweli hawajawahi kusalitiwa na tarumbeta yao wenyewe.

Ijumaa akili ikanishukia. Anayepita ndiye hukohoa. Aliyekwisha kukaa hapiti. Mchana Doreen alipokwenda kuteka maji, nilichukua kigoda nikakaa nje ya jiko, mgongo kwenye mianzi, uso kwa migomba, nikasubiri. Akarudi. Nikamsikia akitua ndoo, akivunja kuni, akipuliza moto. Na hapo ndipo kikohozi, msaliti mkuu, kikaanza kupanda chenyewe kifuani kwa mazoea ya miaka saba. Nilikiziba. Kilirudi na jeshi. Nilikimeza machozi yakinitoka, kisha nikafungua kinywa na kuihutubia migomba:

"Keep going."

Mwiko wa chungu ukasimama.

"Keep going," nikasema tena, sasa kwa sauti ndogo, kwa sababu ujasiri ulikuwa umekwisha na lililobaki lilikuwa ni neno lenyewe.

Nilikaa mpaka moshi ukanifukuza. Usiku sikuweza kula. Nilijiita kila jina la aibu, nikaona Damari angelicheka mpaka ashike mbavu, na nikawalaumu wakubwa walionifundisha madarasa manne tu.

Jumamosi alfajiri, kikohozi kikasikika uani. Hakikuwa changu. Kilikuwa chembamba, cha mtu ambaye hajawahi kukihitaji, na kilisimama mbele ya mlango wangu. Nikafanya itakiwavyo: nikageukia ukuta, nikajifunika shuka kichwani, Simba mzima wa Darasa la Nne.

"You too, Tata," sauti ikasema, yaani nawe pia, baba.

Kisha nyayo. Nilipochungulia, niliona visigino vile ninavyovijua, ila leo vimevaa viatu. Mtoto mgongoni, bahasha ya vyeti kwapani, bodaboda ikimngoja njiani. Sufuria ya wali ilikuwa kizingitini, na chumvi imetosha.

Basi na iandikwe, kama yuko mkubwa mwenye kalamu isiyo na kazi, kwamba siku ile mtu wa madarasa manne alimsukuma mwalimu hadi barabara kuu kwa maneno mawili, na mbingu za Ngonga hazikuanguka. Kazi wakimpa wasimpe, hilo ni lao, na siwaamini. Langu nimelipeleka.

Ila na yeye alikuwa ameniachia lake. Nilikula, nikatoa jembe uvunguni, nikaenda hadi kwenye jaruba la Damari. Hatua ya kwanza, nikazama hadi magotini, lile zima na lile lingine. Hapakuwa na mtu wa kunisikia. Nikajiambia maneno yale mawili.