Msalaba wa Majaribio

Jumatatu, 22 Oktoba 2001
Mashine ya kuchonga imefungwa karakanani kwangu, hapa Majengo. Inaongozwa na kompyuta. Nimeinunua kwa kuuza ng'ombe wa mke wangu, Kunegunda. Ameapa kwamba nisipopata kazi ya misalaba ya makaburi ya parokia, anarudi kwao Mbinga. Kamati inakuja Jumamosi.

Programu ziko mbili. Moja ilikuja na mashine, ya Kijerumani. Nyingine kaileta Aurelia, mwalimu wa kompyuta wa Msamala. Anasema yake inakuonyesha kazi nzima kwenye kioo kabla mbao haijaguswa. Tena bure. Bure ya nini? Juzi nilimwona akisalimiana na Tadei, fundi wa ng'ambo ya barabara, mpinzani wangu. Walicheka. Nimechukua ya Kijerumani. Nisiyoielewa mimi, Tadei ataiibaje?

Jumatano, 24 Oktoba
Mazoezi. Msalaba unataka jina. Langu siandiki, mtu hajiiti marehemu akiwa mzima. La Kunegunda, hapana. Nikaandika MAREHEMU TADEI, niangalie tu herufi zinavyokaa. Nikabonyeza nilichodhani ni kufuta. Mashine ikachonga. Vizuri mno, Mungu anisamehe. Nimeutia jikoni uungue.

Alhamisi, 25 Oktoba
Kunegunda ameuliza kwa nini kuni zina maandishi. Nimesema ni mbao za Kijerumani. Tadei anakohoa tangu asubuhi. Anakohoa makusudi, ili nisikie.

Jumamosi, 27 Oktoba
Kamati imefika: mwenyekiti mzee Rupert, na mama Walburga. Nimewaamkia vizuri. Tadei naye akajisogeza mlangoni kupeleleza. Aurelia, aliyekuja kutazama, akaninong'oneza, eti nimeifuta kazi ya zamani kwenye mashine? Nikamwambia asinifundishe mbele za watu.

Mzee Rupert akaomba jina la marehemu mama yake, Epifania. Nikaandika, nikabonyeza. Akawa anasoma kwa sauti kadiri mashine inavyochonga. MAREHEMU, safi. T. Akasema mama yake hakuanza na T. A. D. Nikatafuta kitufe cha kuzima, vyote Kijerumani. E. I. Tadei akakohoa. Mama Walburga akafanya ishara ya msalaba. Hakuna aliyecheka.

Jumapili, 28 Oktoba
Wazee wamekaa, wameamua. Nimpe Tadei mbuzi, tule sahani moja, aamini sikumtakia mabaya. Kazi ya misalaba kapewa yeye, atachonga kwa patasi. Kunegunda amepanda basi la Mbinga bila kuniaga. Nyumba kimya. Inaniuma.

Aurelia anasema programu yake ingenionya mapema. Amejuaje? Hapo ndipo nilipomshtukia kabisa. Bahati nzuri kuna jamaa kaleta programu nyingine kutoka Makambako, ya Kichina. Kesho naijaribu. Nikiiweza, kamati itabadili mawazo na Kunegunda atarudi.

Jina la Tadei siandiki tena. Hilo nimekoma.

Nitaandika la mzee Rupert.