Mashine Iliyokosa Ubovu

Bwana Uhakika aliipata habari akiwa kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya ndevu imenyolewa. Daktari wa meno aliyestaafu, yule wa ghorofa ya bluu, alikuwa anakusanya kompyuta na mashine za gemu za zamani, na kabatini alikuwa na kompyuta ya miaka arobaini iliyopita, bado imo kwenye sanduku lake, utepe wa kiwandani haujakatwa. Uhakika hakungoja nusu ya pili. Kwa riziki ya mwenzake hajawahi kuchelewa.

Alikwenda moja kwa moja kwa dada yake. Dada huyo alikuwa fundi, tena mwaminifu, kasoro ambayo familia ilikwisha kuizoea. Alitumia chipu za kuandikwa upya: chipu ileile leo ataipanga iwe kompyuta ya kale, kesho ataifuta na kuigeuza mashine ya gemu. Kila aliyoiuza aliibandika karatasi yenye neno NAKALA.

"Dada, nipe ile mashine ya gemu ya ndege, nikaibadilishe kwa kompyuta ya daktari. Ila iondolee ule mkwamo."

"Mdogo wangu, ya zamani risasi zikijaa kwenye skrini inasuasua. Nimehangaika wiki tatu kuuiga huo ubovu!"

"Mteja si ataona ni mbovu? Iwe laini. Mimi watu nawajua."

"Na ukirudi mikono mitupu?"

"Nitakaa kaunta yako mwaka mzima, nauza kwa ukweli mtupu." Kazi ya halali aliiogopa kuliko polisi.

Dada alikuwa na shida kubwa ya mtu wa kaunta. "Haya. Mimi nakupa nakala. Utakayoyasema huko ni dhambi zako." Akaifuta chipu, akaiandika upya, akamkabidhi. Karatasi ya NAKALA haikufika hata mwisho wa mtaa.

Daktari alimpokea sebuleni, akavaa miwani, akaiwasha mashine.

"Ziliundwa mia tu duniani, dokta," Uhakika alimwaga sera. "Ninaiacha kwa machozi. Uhakika!"

Mzee akacheza. Risasi zikaijaza skrini pande zote, na ndege ikateleza katikati yake bila kusita. Kidole cha daktari kikatulia kidogo juu ya kitufe. Uhakika, anayewajua watu, akaona hayo ni mahaba.

"Sina la kusema," daktari akatamka. "Tubadilishane. Uchukue kompyuta yangu. Nipe tu dakika tano niipanguse vumbi."

Dakika zikawa kumi na tano. Alirudi na sanduku zito, utepe unang'aa. "Usilifungue, mwanangu. Utepe ukikatwa, thamani imekwenda."

"Dokta, mimi wa kuambiwa hayo?"

Alilibeba kifuani hadi karakana ili dada ashuhudie. Dada akalitikisa. Ndani kukagongana.

"Kompyuta hailii hivi."

"Usikate! Thamani, dada, thamani!"

Kisu kilikwisha kupita. Ndani mlikuwa na meno: taya za plasta za wagonjwa wa zamani, za juu na za chini, ishirini na mbili kwa hesabu ya dada, zote zimekenua. Juu yake palikuwa na kikaratasi: "Mashine yako ni nzuri mno, mwanangu. Ya kweli ingekwama."

Uhakika alikaa chini sakafuni. Dada alicheka mpaka akalazimika kuizima pasi ya kulehemu.

"Saa mbili kamili asubuhi," akasema alipopata pumzi. "Na umalizie ndevu."

Kesho yake mteja wa kwanza akainua kompyuta moja kutoka kaunta. "Kaka, hii ni ya zamani kweli?"

Uhakika akafungua kinywa. Marehemu babu, meli iliyozama, zile mia tu duniani, vyote vilikuwa tayari ulimini. Dada akakohoa.

"Hapana," akajikamua. "Umbo la zamani, chipu ya juzi. Dada kaipanga mwenyewe."

"Afadhali! Wiki nzima natafuta mtu wa kuniambia ukweli. Nifungie mbili."

Mteja alipotoka, dada alimkuta ndugu yake ameegemea kaunta, macho yamemlowa.

"Kulikoni tena?"

"Nimedhulumiwa, dada. Miaka kumi na tano nadanganya bure."