Uchaguzi Huru wa Santa Eulalia

Inatangazwa kwa furaha isiyo kifani kwamba wakazi wote wa Misheni ya Santa Eulalia, walioingia kwa hiari yao na kufungiwa lango ili hiari hiyo isipotee, watamchagua alkade wao kwa uhuru kamili. Mgombea ni mmoja, ili kuwaepusha wananchi na usumbufu wa kufikiri.

Mgombea huyo ni mimi, Saturnino. Alkade ni mkubwa wa Wachumash wenzake, wenyeji wa nchi hii, hapa misheni, chini ya Padri Anselmo, chini ya Gavana, chini ya Mfalme wa Hispania, ambaye yuko mbali mno kuona jinsi fimbo yangu ya cheo inavyong'aa. Kazi yangu kuu ni kuwafuata watoro mlimani na kuwarudisha. Naifanya kwa weledi, na magoti yananiuma kwa weledi huohuo.

Asubuhi ya uchaguzi mke wangu Tecla hakunipa hata maji ya kunawa.

"Mbegu za mwaloni zimeshaanguka," alisema. "Mvua ikitangulia, zinaoza. Mama yuko peke yake kule juu na akiba imekwisha. Kipupwe hiki atakula nini, fimbo yako?"

"Ombi la ruhusa linashughulikiwa."

"Mwaka jana pia lilishughulikiwa! Mama akatafuna mizizi mpaka maua yakachanua."

"Padri anasema chakula cha misheni ni uji wa shayiri. Mwaloni ni ushenzi."

"Basi ungeoa shayiri, bwana mkubwa!"

Iliniuma, sikatai. Lakini serikali haiendeshwi na mama wakwe.

Karani wa Gavana alikuja kushuhudia. Gavana na mapadri zilikuwa haziivi, kwa hiyo karani alitazama kila kitu kwa hamu ya mtu anayetafuta kosa.

Kura kwetu hupigwa kwa miguu: unakwenda kusimama nyuma ya unayemtaka. Padri akahutubia uani. "Wanangu, msimchague mtu kwa woga. Mchagueni mnayempenda kuliko wote." Nikatoa kifua mbele.

Tecla alikuwa wa kwanza. Alinipita kama gogo, akasimama nyuma ya Padri. Policarpo mchunga kondoo akafuata, kisha wote. Nilipojikuta peke yangu, niliona ni utovu wa nidhamu kuwapinga walio wengi, nikaenda nami.

"Hapana, hapana!" Padri alicheka, kisha akaacha kucheka. "Mimi si mgombea!"

"Baba," Tecla akasema kwa upole, "unatukataza kukupenda?"

Karani akachovya kalamu. "Nimwandikie Gavana kwamba padri ameyakataa matokeo?"

"Nani kasema nimekataa?"

Nikamkabidhi fimbo. Machozi yalinilenga, na watu wakadhani ni furaha.

Kesho yake karani alirudi Monterey kwa Gavana, askari wetu wakimsindikiza. Walipopotea tu kwenye kona, misheni nzima ilibeba vikapu ikatoka langoni kwa nyimbo.

"Saturnino!" Padri alipiga kelele. "Wafuate!"

"Ningependa sana, Baba. Lakini hiyo ni kazi ya alkade. Mimi siku hizi ni mwananchi tu."

Nikachukua kikapu changu.

Padri alitufikia jioni kule juu mlimani, kanzu imechanika, viatu mkononi. Mama mkwe, ambaye hajawahi kumwamkia kiongozi yeyote, mimi nikiwemo, alimpa uji wa mwaloni. Padri alikula ule ushenzi bakuli baada ya bakuli.

"Haya, turudini sasa," akasema huku akijifuta mdomo.

"Nenda tu, nani kakushika?" Mama mkwe akamjibu. "Hawa wana kazi."

Padri akatazama bonde chini. Alikuja akifuata nyimbo zetu; njia ya kurudi haijui. Na alkade akirudi mikono mitupu, Gavana atacheka mwaka mzima. Mama mkwe akamtupia kikapu, naye, ama kweli dunia ina mambo, akapiga magoti kati ya majani, akaanza kuokota.

Baada ya muda akainua kichwa. Alizungumza kwa ile sauti ndogo ambayo sisi sote tunaijua, maana ndiyo tunayomwendea nayo mlangoni kwake.

"Mama, naomba ruhusa nikalale."

Mama mkwe akachungulia kikapuni.

"Zenye matundu zina funza, zitupe," alisema. "Kisha uje tena kuomba."