Wimbo wa Kukamulia na Pini ya Fundi Mboje

Jumapili, 29 Juni

Siku kubwa! Baada ya misa Minza, binti wa marehemu kaka yangu Malimi, amenifuata, akapiga goti na kuniita baba mdogo mbele za watu. Jumamosi anaolewa. Anataka akiingia kanisani asikie ule wimbo baba yake aliokuwa akiuimba akikamua ng'ombe. Hauna maneno. Ni "mmm" ndefu, inapanda polepole, inashuka, mpaka ng'ombe anaachia maziwa. Duniani tumebaki wawili tunaoujua: mimi na ng'ombe mmoja mzee kule Kimali.

Deogratias, mpiga kinanda wa kwaya, akadakia kwamba atapiga yeye. Nikamwambia kinanda ni ngazi, kinaruka kidato kwa kidato, na wimbo wa kaka unateleza. Akauliza basi nani atauweza. Nikasema mimi, kwa gitaa la meza!

Wote wanalijua. Liliachwa stoo ya parokia na padri mmoja Mmarekani zamani hizo. Limelala juu ya miguu minne, nyuzi kumi, chini lina pedali kama cherehani. Nikawakumbusha nilivyolipiga Mwanza, samaki wakatoa vichwa ziwani kusikiliza. (Kwa kweli nilikuwa mbeba vyombo wa bendi. Lakini nilivibeba kwa karibu sana.)

Wabeja, Mungu, asante kwa kunipa kaka mwenye wimbo.

Jumatatu, 30 Juni

Gitaa limetoka stoo. Zima! Panya wamekula kifuniko tu. Kinachokosekana ni kile chuma cha mkono wa kushoto, kinachotelezeshwa juu ya nyuzi. Bila hicho, ni meza.

Nimejaribu chupa ya soda. Imelia kama mbu. Nimejaribu bolti ya plau. Ina meno! Imekwaruza nyuzi mpaka mbwa wa parokia akahama. Deogratias alikuwa dirishani. Ameuliza kama napiga gitaa au nalima.

Eufrasia, mke wangu, ameniletea michembe ya viazi vitamu na karanga hukohuko stoo. Hakuuliza kitu. Wanaume wangapi wana mke asiyeuliza? Wabeja.

Jumanne, 1 Julai

Binti yangu Jenifer amenionyesha kwenye simu mzee wa Kizungu mwenye kofia, anafundisha gitaa hilihili. Anaongea kwa pua. Jenifer anatafsiri. Chuma kiwe kizito, maana uzito ndio unaofanya mlio udumu. Kiwe laini kama kioo, kitoshe kiganjani. Usikikandamize, kiache kilale. Kiweke juu ya mstari wenyewe, si nyuma yake kama gitaa la kawaida. Vidole vya nyuma vilale juu ya nyuzi, vizibe makelele. Ukitikisa, tikisa kidogo, kama unabembeleza mtoto.

Nikasema hayo yote nilikuwa nayajua. Jenifer akauliza mbona jana nilikuwa nakandamiza kama naua nyoka.

Huyu mtoto kasoma kupita mimi. Nashukuru nilimsomesha, ingawa inauma.

Jumatano, 2 Julai

Nimepata!

Nilipita gereji kwa fundi Mboje, kumpa salamu ya asubuhi, mwangaluka tu. Mezani injini imepasuliwa tumbo. Pembeni, juu ya kitambaa, pini ya pistoni. Ya mviringo, nzito, inang'aa, ndefu kama kidole changu cha kati. Chuma changu hicho! Mboje akasema hilo ni jenereta la parokia, paroko analitaka Ijumaa, ili umeme ukikatika siku ya harusi watu wasiaibike. Nikampongeza kwa kazi nzuri. Akainama kutafuta spana. Pini ikaingia mfukoni mwangu.

Si wizi. Pini ya parokia, wimbo wa parokia. Imehama idara tu.

Ina tundu katikati, nikaliziba kwa nta ya mshumaa. Nikailaza kwenye nyuzi. Jamani! Imeteleza kama samli. Nikaanza ile "mmm" na kufika katikati nikaacha. Kaka alikuwa mle stoo. Naapa alikuwemo, na ndoo yake.

Ijumaa, 4 Julai

Mboje kaipindua gereji yote. Nimemsaidia kutafuta kutwa nzima, pini ikiwa mfukoni. Nimepekua hadi chini ya kuku anayeatamia, akanidonoa. Mboje amenishukuru kwa moyo wangu, kanipa chai na andazi. Pini ya saizi ile haipo Bariadi. Maswa wamesema mpaka Jumatatu.

Nilifikiria kuirudisha. Nilifikiria kabisa, kwa urefu wa andazi zima. Lakini umeme haujakatika wiki nzima. Jenereta ni woga wa paroko tu.

Jumamosi, 5 Julai

Niandike upesi kabla sijasahau.

Kanisa limejaa. Minza yuko mlangoni, ameshikwa mkono na Eufrasia. Mimi nimeketi, pini kiganjani. Spika inanguruma. Deogratias kakaa na kinanda chake, eti kwa tahadhari. Nikainua mkono.

Umeme ukakatika.

Paroko akaita jenereta. Watu wote wakamgeukia Mboje. Mboje akatazama sakafu. Deogratias akabonyeza kinanda: nacho kimekufa! Nikashukuru kidogo. Ni dhambi, lakini nilishukuru.

Minza hakuingia. Alisimama palepale mlangoni, ananitazama mimi tu. Gitaa hili bila umeme halimwamshi hata nzi. Nikaanza kupima umbali wa mlango wa sakristia. Hapo Eufrasia akamwachia bibi harusi, akaja mpaka sikioni kwangu. Akasema jukwaa la mbao la kwaya chini ni tupu kama ngoma, nilipandishe gitaa pale, halafu niache kuangalia mlango.

Nikasema ndilo nililokuwa nakusudia.

Nani akashika upande wa pili? Deogratias! Tukalipandisha. Mama mmoja akampa mtoto ziwa ili anyamaze. Wenye kikohozi wakakimeza.

Sikukandamiza. Nililaza vidole nyuma. Nikaiacha pini iende kwa uzito wake, na mbao zikaitika chini ya miguu. Mlio mdogo, lakini ulifika mlangoni, maana Minza alijishika mdomo. Kisha akaanza kutembea, polepole, mwendo wa ng'ombe anayerudi zizini ameshiba. Wazee wa viti vya nyuma, waliomjua Malimi, wakaanza "mmm" pamoja nami. Tunaoujua wimbo ule si wawili tena.

Nje Mboje akanishika mkono, akanifungua kiganja kidole kwa kidole. Akaitazama pini. Akanitazama. Akacheka mpaka akakaa chini na suti yake. "Baba Jenifer! Nyuma ya gereji nina debe zima la pini chakavu. Si ungeomba?"

Kuomba! Hilo halikunijia.

Hakuniumbua. Alimwambia paroko pini imeonekana, basi. Wabeja, Mboje. Wabeja, Eufrasia. Hata wewe Deogratias, wabeja, ila usizoee.

Jumapili, 6 Julai

Nimeshukuru misa nzima, mpaka jirani akaniomba nishukuru kimoyomoyo. Minza kaniletea jogoo mwekundu. Jumapili ijayo kwaya imealikwa Mwamanyili, na gitaa linakwenda! Nimeshaanza kuwaeleza watu kwamba umeme ule niliukata mwenyewe kwa makusudi, wimbo wa kaka haupendi spika. Wengine wanaamini.

Mboje amenipa pini tatu, bure kabisa. Mtu mwema. Tatizo nimezipima kiganjani: nyepesi. Mzee wa kofia alisema uzito.

Sasa, leo nimepita kwenye mashine ya kusaga ya Mama Philomena. Imefunguliwa, inasafishwa. Ndani nimeona chuma kimoja cha mviringo, kinene, kimeng'arishwa na unga wa miaka yote. Kizuri mpaka nikavua kofia. Eufrasia anasema unga wa safari ya kwaya utasagwa pale Alhamisi, kwa hiyo nina muda wa kutosha. Kuomba nako kunachelewesha, na Mama Philomena ana maswali mengi. Mashine ikisimama siku moja, kwani nani anakumbuka ugali wimbo ukianza?

Wabeja, Mungu, kwa macho haya uliyonipa.